Nimonia haiji kwa kukosa sweta

"Daktari, amepigwa na baridi." Kila Julai, mawingu yakiifunika Nairobi, wazazi hunieleza nimonia ya watoto wao kwa maneno hayo. Baba anamlaumu mama kwa kufungua dirisha, nyanya anamlaumu mke wa mwanawe kwa kumwogesha mtoto jioni, na mama wa watu anainamisha kichwa tu. Kazi yangu ni utafiti wa maradhi ya mapafu na chanjo, na hakuna dhana inayoniudhi kama hii.

Nimonia huletwa na vijidudu: bakteria kama nimokokasi na Hib, na virusi kama vya mafua na RSV. Lau baridi ingekuwa chanzo, Kilifi kule pwani ya Kenya kwenye joto lile wasingeijua nimonia, na ni huko huko watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wameifuatilia miaka nenda miaka rudi. Msimu wa baridi una mchango wake, sikatai, maana watu hujifungia ndani na kukoholeana. Na mtoto mchanga lazima awekwe kwenye joto, hilo halina mjadala.

Balaa ni yanayofuata. Mtoto anavishwa fulana, sweta mbili na kofia, anaviringishwa blanketi, jiko la makaa linaingizwa ndani, dirisha linafungwa. Hewa ya jiko inayachokoza mapafu yale yale mnayotaka kuyakinga, na kaboni monoksaidi yake inaweza kuwaua nyote usingizini. Kisha nguo zote hizo zinaficha kifua, mahali pa kwanza pa kutazama.

Kwa hiyo mvue mtoto mpaka kifua kionekane. Asiwe analia wala kunyonya. Shika simu yenye saa, uhesabu pumzi dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka mno. Mpeleke kituo cha afya. Tazama pia chini ya mbavu: panapobonyea ndani kila avutapo pumzi, mpeleke vilevile. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, nendeni hospitali usiku huo huo. Dakika moja ya kuhesabu ina faida kuliko sweta ya tatu.

"Alichanjwa na bado akaugua." Ndiyo, inawezekana. Chanjo ya nimokokasi iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ililenga aina 10, na bakteria huyo ana aina zaidi ya 90. Virusi haiwagusi kabisa. Lakini kule Kilifi, maambukizi makali ya aina hizo 10 kwa watoto wa chini ya miaka 5 yalipungua kwa asilimia 92. Fungua kijitabu cha kliniki uhakikishe dozi za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zimo. Na ile chanjo yenye kovu mkononi ni ya kifua kikuu, haihesabiki hapa.

"Kila kikohozi kinataka antibiotiki." Hapana. Vikohozi vingi vya watoto ni vya virusi, na antibiotiki haiui virusi. Amoksilini iliyobaki ya kaka yake usimpe.

"Watafiti wanatufanyia majaribio watoto wetu." Wazazi wana haki ya kuuliza, na wanaoshiriki wanaweza kujitoa wakati wowote bila mtoto kunyimwa matibabu. Ila wanaotaka tusiwe na utafiti wowote Afrika wajue hili: chanjo ya nimokokasi ya aina 7 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000 haikuwa na aina ya 1 wala ya 5, zinazowasumbua sana watu wa bara hili. Nchini Gambia, watoto zaidi ya 17,000 walishiriki majaribio ya chanjo ya aina 9 iliyozijumuisha zote mbili, na matokeo ya 2005 yakaonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 16 miongoni mwa waliochanjwa. Aina hizo mbili zimo pia katika ile ya aina 10 waliyoanza kuchomwa watoto wa Kenya miaka sita baadaye.