"Fangasi ni fangasi tu": dhana potofu kuhusu vipimo vya yisti

"Fangasi ni fangasi tu, meza flukonazoli (dawa ya fangasi) utapona." Hii inaniuma kuliko zote, maana watu wanapitia famasi moja kwa moja bila kipimo chochote. Ukweli ni kwamba yisti (fangasi wa seli mojamoja) zinazosumbua binadamu ni nyingi na kwenye dawa hazifanani, mfano Candida krusei kwa asili yake ni sugu kwa flukonazoli, hata umeze dozi nzima.

"Ukishaiona kwenye darubini umeshaijua." Hapana jamani. Kwenye darubini nyingi ni vile vile viduara vinavyochipua, ndo maana maabara tunaziotesha kwanza. Halafu kuna kipimo cha zamani, cha bei rahisi na bado nakipenda: unagusa koloni (kile kirundo cha yisti kilichoota) kidogo sana, unachanganya kwenye nusu mililita ya seramu (majimaji ya damu), unaweka inkubeta nyuzi 37 kwa masaa 2 mpaka 3, unadondosha tone kwenye slaidi. Candida albicans utaikuta imetoa kimrija, na pale kinapoanzia hapajabanwa. Pakiwa pamebanwa inaweza kuwa Candida tropicalis. Ukipitiliza masaa 3 yisti nyingine nazo zinaanza kuchomoza unachanganyikiwa, na hata ikitoka pozitivu kumbuka Candida dubliniensis nayo inatoa kimrija hichohicho.

"Ikiota tu, basi unaumwa." Kwenye makohozi au mkojo siyo lazima, Candida inaishi mwilini mwa watu wenye afya kabisa. Ila ikiota kwenye damu, hata chupa moja, usiseme ni uchafu wa sampuli, mgonjwa atibiwe.

"Mashine haikosei." Mashine ya kutambua yisti inalinganisha na kile kilichomo kwenye kumbukumbu yake, basi. Candida auris ilielezwa mara ya kwanza 2009 kutoka sikio la mgonjwa Japani, na baada ya hapo mashine kibao zikawa zinaisoma kama Candida haemulonii kwa sababu hazikuwa nayo. Hiyo auris inakaa kwenye vitanda na vifaa vya wodi, inapita mgonjwa hadi mgonjwa, Kenya imeshapatikana, na WHO 2022 waliiweka kundi la juu kabisa la hatari. Kwa hiyo jibu likirudi "haemulonii" irudieni, kwa MALDI-TOF (mashine inayotambua kijidudu kwa protini zake) yenye kumbukumbu mpya au kwa kusoma DNA.

"Wino wa India ni negativu, basi hana kriptokokasi." Kriptokokasi ni yisti yenye ganda, inayoleta meninjaitisi (homa ya uti wa mgongo). Wino ukichanganywa na sampuli chini ya darubini unaonyesha lile ganda kama duara jeupe kuzunguka seli, ila vijidudu vikiwa vichache unavikosa kirahisi. Kipimo cha CrAg, kinachotafuta chembechembe za ganda la kriptokokasi, ni kistripu tu, dakika 10 hivi, kinakamata hata kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mwenye VVU na CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 100 apimwe hata kama anajisikia mzima, na WHO wanasema inaweza kufanyika mpaka chini ya 200. Ikitoka pozitivu kwenye damu kinachofuata ni kutoa maji ya uti wa mgongo, hata asipolalamika chochote, sababu anaweza kuwa na meninjaitisi tayari na dawa zake ni tofauti na nzito zaidi.