Shamba la juu ya paa na maji ya mwisho ya tangi

Karibu kila mwenye jengo anayeniita hapa Nairobi nimchoree shamba la letusi juu ya paa huanza na hoja moja: haidroponiki, yaani kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, inaokoa maji. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukilinganisha na letusi ya shambani kule Yuma, Arizona, ulikadiria lita 20 kwa kilo badala ya 250. Wengi huishia hapo. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa nishati inayotumika ni zaidi ya mara 80 ya ile ya shambani, nyingi ikiwa ya kupasha na kupoza banda.

Hapo sisi tumepona. Nairobi hatupashi banda moto, jua lipo mwaka mzima, na stima yetu nyingi hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Pampu ya kuzungusha maji si ya kumkosesha mtu usingizi. (Hoja nyingine, kwamba mboga ya juu ya paa haisafirishwi mbali, huwa naipunguza makali: sukuma wiki ya Limuru haijatoka mbali kihivyo.)

Kinachonisumbua ni tangi la maji ya virutubisho yanayozungushwa. Mmea hunyonya unachotaka na kuacha usichotaka, kwa hiyo sodiamu na kloridi hubaki zikirundikana, hasa ukitumia maji ya kisima, ambayo hapa mjini mara nyingi yana sodiamu na floraidi nyingi. Mita ya EC (hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani wingi wa chumvi zote zilizoyeyuka, bila kuzitofautisha) inasoma 1.6, mkulima anaamini chakula cha mmea kipo, kumbe sehemu kubwa ya hiyo 1.6 ni sodiamu na kloridi tu. Letusi inadumaa. Anafungua koki, tangi zima linaishia kwenye mtaro wa maji ya mvua, anachanganya upya.

Maji hayo bado yanaweza kuwa na miligramu 150 za naitrojeni kwa lita. Zihesabu kama naitreti, ni zaidi ya 600, na kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni 50. Yanaingia Mto Nairobi, kisha Athi, na njia hiyo huishia Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Tena mbolea ya naitrojeni iliyomo kwenye maji hayo ilitengenezwa kiwandani kwa gesi asilia, kwa hiyo hewa imeshachafuliwa kabla hata mfuko haujafunguliwa.

Dawa yake ni kuanza na maji yasiyo na chumvi. Banda lenye paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakinga karibu lita 1,000, na tangi lake naliweka chini, maana lita hizo ni tani nzima juu ya zege. Ukitumia maji ya mvua, tangi la virutubisho hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kubadilishwa. Likibadilishwa, bomba lishuke hadi kwenye migomba. Pasipo na udongo hata kidogo, magunia ya sukuma wiki yenye mboji yanatosha. Sukuma hula naitreti vizuri sana, ila maji hayo yazimuliwe kwanza, nusu kwa nusu, na gunia lisuuzwe kwa maji matupu mara mojamoja ili chumvi isikae.