Kanda ni nini, na mtoto aelezweje kwamba kila moja ina yake

Mwulize mtoto wa darasa la nne kanda fulani ya nchi inasifika kwa nini, na utajibiwa haraka: zao moja, mlima mmoja, ziwa moja. Jibu ni sahihi na limekaririwa vizuri. Sasa mwongezee swali dogo: "Na kwa nini zao hilo linastawi kule, halistawi huku?" Kimya. Kimya hicho si kosa la mtoto. Tumemfundisha kanda kama jina la mahali, ilhali kanda ni wazo, tena wazo lenye kazi.

Tuanze na neno lenyewe. Ukanda ni mshipi, kipande kirefu cha ngozi au kitambaa cha kufunga kiunoni. Ardhi nayo tunaiona imevaa mishipi yake: ukanda wa pwani, ukanda wa misitu, ukanda wa mvua nyingi. Kwa maana ya kijiografia, kanda ni eneo ambalo sehemu zake zinafanana kwa jambo fulani, au zinategemeana kwa jambo fulani, kiasi cha kuweza kutajwa kama kitu kimoja na kutofautishwa na majirani zake. Maneno mazito hapo ni "kwa jambo fulani". Usipolitaja jambo lenyewe, hujataja kanda bado.

Hapo ndipo kanda inapoachana na mkoa, jimbo au wilaya. Hiyo ni mipaka ya utawala; anayeichora ni serikali, na serikali ikitaka inaifuta. Ulipoanza mwaka 2016, Ufaransa ilipunguza mikoa yake iliyoko Ulaya kutoka 22 hadi 13, na asubuhi yake hakuna kilima kilichohama wala mzabibu uliobadili ladha. Uswisi ina majimbo 26, lakini mpaka kati ya wanaozungumza Kijerumani na wanaozungumza Kifaransa hauyajali: unapita katikati ya majimbo ya Bern, Fribourg na Valais. Mtoto anayedhani kwamba ramani ya mikoa ndiyo ramani ya kanda atashangaa sana kuona watu wa jimbo moja wakiwa na lugha mbili. Na ashangae, ndiyo mwanzo wa somo.

Wanajiografia huzigawa kanda kwa aina tatu. Ya kwanza hushikwa na ufanano: mahali pote penye mvua ya kiwango fulani, udongo wa namna fulani, au lugha moja. Ya pili hushikwa na mwendo. Ina kitovu, kwa kawaida mji, na inaishia pale ambapo watu wanaacha kwenda kwenye kitovu hicho kufanya kazi, kutibiwa au kuuza mavuno. Ndani yake mnaweza kuwa na mlima na bonde, shamba na kiwanda, visivyofanana hata kidogo. Ya tatu inaishi vichwani mwa watu. Marekani kuna eneo linaloitwa Midwest; ofisi ya sensa ya nchi hiyo inasema ni majimbo 12, lakini ukiwauliza wenyeji wakuchoree mpaka wake, kila mmoja atachora wa kwake na kuutetea. Aina hii ya tatu vitabu vingi vya watoto huiruka, nadhani kwa sababu haina jibu la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hasara, maana ndiyo ambayo mtoto tayari anaifahamu: anajua "kule kwao" ni wapi na "huku kwetu" ni wapi kabla hajaiona ramani yoyote.

Mfano unaoonyesha wazi kwamba kanda hutokana na swali ni Peru. Kwa muda mrefu nchi hiyo ilifundishwa kuwa na kanda tatu: pwani, milima na msitu. Safi, rahisi kukumbuka. Kisha mwanajiografia wa huko, Javier Pulgar Vidal, akaona kwamba "milima" ni neno moja linaloficha mambo mengi mno. Akaigawa nchi kwa mwinuko, hali ya hewa, mimea na kile ambacho watu wanakifanya pale, akatumia majina ya kale ya wenyeji, na akapata kanda nane. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 500 upande wa magharibi ni Chala, pwani ya jangwa. Ukipanda unaingia Yunga. Kati ya mita 2,300 na 3,500 ni Quechua, ambako mahindi yanakubali. Juu zaidi ni Suni, kisha Puna, mbuga ya nyasi ngumu na baridi ambako mkulima anageuka mfugaji wa lama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia. Kileleni ni Janca, kwenye barafu. Ukishuka upande wa mashariki unakuta Rupa-Rupa, halafu Omagua, tambarare ya Amazon. Nchi ni ile ile. Aliyeuliza "nchi inaonekanaje kutoka mbali?" alipata tatu, aliyeuliza "mtu anaweza kuishi vipi hapa?" alipata nane. Wote wawili wako sahihi, na mtoto wa miaka kumi analielewa hilo bila shida ukimwonyesha michoro yote miwili kwa pamoja.

Mpaka nao una mambo yake. Kwenye ramani ni mstari mwembamba wa wino. Ardhini mara nyingi ni eneo pana ambalo hali inabadilika polepole. Mwaka 1878 John Wesley Powell, aliyekuwa amezunguka sana magharibi ya Marekani, alitoa ripoti iliyosema kwamba karibu na longitudo ya 100 magharibi mvua inashuka chini ya inchi 20 kwa mwaka, yaani takriban milimita 500. Mashariki ya hapo mtu anaweza kulima kwa kutegemea mvua. Magharibi yake atahitaji kumwagilia, au afuge. Hakuna ukuta pale wala mto unaotenganisha pande mbili, na mvua yenyewe haikai mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Kilichopo ni kiwango ambacho kikivukwa, maisha yanabadilika.

Ndiyo maana sifa moja pekee, hata ikiwa ya kweli, haimpi mtoto kanda. Kinachompa kanda ni mnyororo wa sababu. Nichukue mmoja niufuate hadi mwisho, kwa sababu hapa ndipo ningetumia muda mwingi darasani kuliko popote.

Japani, majira ya baridi. Upepo mkavu wenye baridi kali unavuma kutoka Siberia. Unapita juu ya Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kuliko hewa hiyo, na njiani unabeba mvuke. Unafika kisiwa kikuu cha Honshu na kukuta milima imesimama katikati kama uti wa mgongo. Inabidi upande, ukipanda unapoa, ukipoa unatua mzigo wake, nao ni theluji inayoweza kurundikana mita kadhaa. Unapovuka kwenda upande wa Tokyo umebaki mkavu, na huko baridi ile ile ni siku za jua na anga safi. Kisiwa kimoja, mwezi mmoja, hali mbili.

Mnyororo hauishii kwenye hali ya hewa. Katika kijiji cha Shirakawa-go, kilichoko kwenye milima hiyo ya theluji, ambacho UNESCO ilikiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995 pamoja na vijiji vya Gokayama, nyumba za kale zina paa la nyasi lililosimama wima mno, na mtindo wake unaitwa kwa jina lenye maana ya viganja vilivyokutanishwa kwa sala. Paa limesimama hivyo ili theluji isilale juu yake ikaliangusha. Paa likisimama, chini yake hupatikana dari pana na refu. Bonde ni jembamba, ardhi ya kulima ni haba, kwa hiyo dari haliachwi bure: watu walifugia humo viwavi wa hariri. Kutoka upepo wa Siberia mpaka uzi wa hariri, kila hatua inaivuta inayofuata. Mtoto aliyepitishwa kwenye mnyororo huu anaweza kuusahau mji, akasahau hata jina la bahari, lakini akiona paa la ajabu mahali pengine atauliza linakwepa nini.

Lakini tahadhari moja: sababu si amri. Theluji haikuwalazimisha watu kufuga viwavi. Iliwapa dari, wao wakaamua cha kuliwekea. Huko Ufaransa, mwanajiografia Paul Vidal de la Blache, aliyefariki mwaka 1918, alisisitiza jambo hilo: maumbile hutoa nafasi, na watu huchagua namna ya kuitumia. Ukiliacha hilo, unamfundisha mtoto kwamba watu wa milimani lazima wawe hivi na wa tambarare lazima wawe vile, na kutoka hapo ni hatua moja tu hadi kwenye dharau. Tofautisha sifa za eneo na tabia za watu. "Kusini kuna joto" ni jiografia. "Watu wa kusini ni wavivu" ni kejeli iliyovishwa joho la somo, na haina nafasi darasani hata kama aliyeisema amecheka.

Umri nao una la kusema. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Jean Piaget na mwenzake Anne-Marie Weil walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Geneva. Wadogo kabisa waliweza kutamka kwamba Geneva iko Uswisi, ila walipoombwa kuchora duara mbili walizichora kando kando, kana kwamba mji na nchi ni majirani. Walikana pia kwamba mtu anaweza kuwa wa Geneva na wakati huo huo Mswisi. Kwa hiyo mtoto mdogo anapokariri kwamba kanda fulani imo ndani ya nchi, usifikiri ameliona lile "ndani". Bakuli likiwekwa ndani ya bakuli, au sanduku ndani ya sanduku, linafundisha kuliko ramani ya ukutani. Ramani isubiri kidogo.

Akishafika miaka tisa au kumi, mimi nisingeanza na kanda zote za nchi kwa mpangilio kama zinavyopangwa kwenye vitabu. Ningechukua mbili, zinazotofautiana sana, na kukaa nazo wiki nzima. Tofauti huonekana kwa kulinganisha. Kanda moja peke yake ni orodha tu. Kisha karatasi angavu, zinazoonyesha kilicho chini yake: ya kwanza ina milima na mito, ya pili ina mvua, ya tatu ina mazao, ya nne ina miji na reli. Zipange moja juu ya nyingine na umwambie mtoto achore mpaka wake mwenyewe, kisha aeleze kwa nini ameupitisha hapo na si pale. Mwenzake atachora mwingine. Waache wabishane, usiwahi kutoa jibu. Na wakichoka kubishana, futa kitu kimoja. Ondoa mlima. Geuza upepo. Waulize nini kingefuata kuondoka.

Halafu kuna jambo la wakati. Vitabu vilivyochapwa miongo mingi iliyopita vinaeleza bonde la Ruhr, Ujerumani, kwa maneno mawili: makaa ya mawe na chuma. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe huko, Prosper-Haniel mjini Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na mgodi maarufu wa Zollverein mjini Essen umegeuzwa mahali pa makumbusho. Makaa yenyewe bado yamo chini ya ardhi. Kuyachimba ndiko kulikogeuka ghali kuliko kuyaagiza kutoka ng'ambo. Lakini miji ile mikubwa iliyobanana, kila mmoja ukianzia ulipoishia mwingine, iko pale pale, na mgeni asiyejua habari ya makaa hataelewa kwa nini mamilioni ya watu walijazana kwenye bonde lile moja.