Kwa nini picha ya kutisha ikitolewa rangi haimuumizi sana admini wa grupu?

Je, wajua hapa Tanga kuna watu wanatazama picha za maiti mara kwa mara na wala sio manesi wala polisi? Ni maadmini wa magrupu ya WhatsApp, ya mtaa, ya wazazi wa shule, ya mashabiki wa Coastal Union, hawalipwi hata mia, na ajali ikitokea barabara ya Segera basi majeruhi hawajafika hata hospitali ya Bombo video ishaingia kwenye grupu, na lazima admini aifungue ajue ni nini ndo aifute.

Mtu atauliza, kwani mashine haziwezi? Kwenye mitandao ya wazi zinaweza kiasi. Tangu 2009 kuna PhotoDNA, iliyotengenezwa na Microsoft na Hany Farid wa chuo cha Dartmouth, inaipa picha chafu alama yake kama ya kidole, ikirudi tena inatambulika na kuondolewa bila mtu kuitazama. Ila meseji za WhatsApp zimefungwa tangu 2016, wanaoziona ni aliyetuma na waliopokea tu, kwa hiyo huko jicho la kwanza ni la admini.

Sasa rangi. Jicho likikutana na wekundu wa damu mwili unashtuka kabla hujawaza chochote, moyo unadunda, na kilichoingia kwa mshtuko ndo kinachorudi usiku. Ukiitoa rangi bado unaona kabisa kwamba hii ni ajali, uamuzi wa kufuta unautoa vilevile, ila makali yamepungua. Watafiti wa Google walilijaribu hili 2019 kwa watu wanaolipwa kukagua picha za mitandaoni wakaona kijivu kinasaidia kweli, lakini picha ikifunikwa ukungu yote watu wanapata shida maana hawajui wanahukumu nini. 2020 watafiti wengine wakaja na njia ya kati, picha inaanza na ukungu halafu mtu anafunua kipande anachohitaji tu, na waliamua sawasawa huku wakiumia kidogo.

Kwenye simu yako hii inawezekana leo leo. Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya storeji na data, zima picha na video kujishusha zenyewe, hapo kila kitu kinakuja na ukungu mpaka ukiguse. Halafu kwenye setingi za simu washa rangi ya kijivu kabla hujagusa. Na sauti zima kabisa, hii watu wanaisahau jamani, kilio cha mtu nacho kinakaa kichwani.

Ikishakuingia je? Watafiti wa Oxford 2009 waliwaonyesha watu filamu ya matukio mabaya, waliocheza gemu ya Tetris baada ya nusu saa picha ziliwarudia kidogo kuliko wasiocheza, kwa sababu ile sehemu ya akili inayohifadhi picha ilikuwa bize kupanga matofali.

Wanaosema utazoea tu, mi sikubaliani nao hata kidogo. Wanaolipwa kwa kazi hii hawakuzoea, 2020 Facebook ilikubali kuwalipa waliokuwa wakiifanya Marekani dola milioni 52 kwa madhara ya akili. Admini wetu wa Ngamiani hana mshauri wala fidia, basi angalau wawe watatu wapeane zamu, na asiyeweza siku hiyo aseme tu siwezi.

Picha ya mtoto anayedhalilishwa ni jambo jingine kabisa, usimtumie admini mwenzako eti naye aone, kusambaza ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Andika namba ya aliyetuma na saa, toa taarifa polisi au piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Na nyie memba, ukiona kitu kibaya mwambie admini kwa maneno, "ile video ya saa mbili ya fulani ni maiti, ifute", ataifuta bila kuifungua.