Sanskrini ya madini na ya kemikali, tofauti ni nini na ipi inakufaa

Wengi tukifika duka la dawa tunaulizia sanskrini, yaani krimu ya kukinga ngozi na jua, yenye namba kubwa, basi. Ile namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga, inahusu zaidi miale ya jua ya UVB, ile inayobabua ngozi, na SPF 30 inazuia kama asilimia 97 yake wakati 50 inazuia kama 98, kwahiyo usijinyime hela ya kula kwa ajili ya ile asilimia moja. Ila kuna miale ya UVA, hiyo haikubabui fasta ila inazama ndani na kuleta makunyanzi na madoa, ndo maana uangalie kama kopo lina herufi UVA ndani ya kiduara au herufi PA zenye alama kadhaa za kujumlisha (+).

Sasa aina. Ya madini ina zinki oksaidi au titani dioksaidi, inakaa juu ya ngozi, haiwashi sana, inafaa watoto na wenye ngozi inayosumbua. Shida yake sisi weusi inatuacha kama tumejipaka majivu, mtu anaifuta kabla hata hajatoka mlangoni. Tafuta ile yenye rangi ya ngozi, ina oksaidi ya chuma, na hiyo inasaidia sana kama una madoa maana inazuia hata mwanga wa kawaida wa jua, ule tunaouona kwa macho, ambao nao unayakoleza. Ya kemikali inanyonya miale na kuigeuza joto, ni nyepesi, haionekani, ila ukitoka jasho ikaingia machoni utalia.

Kama unatumia mkorogo kwa kweli acha kwanza, ngozi imeshavuliwa kinga yake.

Mpwa wangu ana ualbino, kwake hii sio urembo, ngozi yake haina melanini ya kutosha, ile rangi ya asili inayokinga ngozi na jua, na saratani ya ngozi haiko mbali. Kuna sanskrini ya Kilisun inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya wenye ualbino. Asubuhi namkamulia mistari miwili, mmoja kidole cha shahada mwingine cha kati, hiyo ni ya uso na shingo tu, usibanie, halafu nahakikisha juu ya masikio na kisogoni kumefika maana ndo panaposahaulika na ndo panapoanza vidonda, kofia pana juu yake, na akiwa nje anarudia kila baada ya saa mbili hata kama kuna mawingu.