Nani mwingine anaiona orodha ya wateja wako?

Ndugu wenye kampuni za utalii, hoteli na wapandishaji wageni Kilimanjaro, msimu wa Juni hadi Oktoba unakaribia na wengi mnaajiri vibarua wa ofisini. Kabla hamjagawa nenosiri la mfumo wa kuweka nafasi, tusikilizane.

Malalamiko yanayotufikia kutoka Arusha na Moshi yanafanana. Mgeni kaweka nafasi kwa kampuni moja, kisha anapigiwa simu na kampuni asiyoijua, inamtajia tarehe yake ya kupanda na geti atakaloanzia, Machame au Marangu. Si lazima mfumo uwe umedukuliwa. Kuna fundi wa tovuti aliyekwisha kulipwa akaondoka, kuna wakala wa matangazo, kuna programu ya kutuma barua pepe iliyounganishwa ikasahaulika. Wote hao mliwafungulia wenyewe.

"Mfumo nimekodi, seva ziko nje." Utetezi huu haukuondolei wajibu. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, wewe ndiye mkusanyaji wa taarifa na unatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye mfumo ni mchakataji anayekufanyia kazi, na kazi hiyo iwe na mkataba wa maandishi. Seva zikiwa nje ya nchi, masharti ya kusafirisha taarifa nje nayo yanakuhusu. Kampuni inayofichua taarifa kinyume cha sheria hutozwa faini kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Mtu binafsi ni kati ya laki 1 na milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Kubadili nenosiri peke yake hakutoshi, na hili tumelirudia mara nyingi. Programu iliyounganishwa huwa na ufunguo wake wa kidijitali wa kuingilia mfumo, tofauti na nenosiri. Ingia kwenye mipangilio, uubatilishe. Mhasibu anahitaji ankara, hana haja na fomu ya afya ya mgeni, ambayo ni taarifa nyeti. Fundi wa tovuti hana shughuli na namba za pasipoti. Ruhusa ya kupakua orodha nzima ibaki kwa mtu mmoja au wawili, na kila mtumishi awe na akaunti yake.

Taarifa zikivuja, ijulishe Tume mara moja. Tafadhali usifute kumbukumbu za mfumo kwa hofu: humo ndimo itakapoonekana akaunti ipi ilipakua nini, na saa ngapi.