Kabla hujalipia nguo ya vinteji, soma lebo

Siku hizi kila shati lililofifia rangi linaitwa vinteji. Mimi nauza nguo za zamani, nyingi nazichagua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, na linaloniuma ni mnunuzi kulipa bei ya nguo ya miaka mingi akapewa ya juzijuzi.

Nguo huhesabiwa kuwa vinteji ikitimiza angalau miaka 20. Hayo ni mazoea ya wauzaji, na wapo wasiokubali kitu chini ya miaka 30 au 40. Ikipita 100 ni antiki. Retro ni habari nyingine: nguo mpya iliyoshonwa kwa mtindo wa kale. Bugaluu iliyotoka kiwandani mwaka jana ni retro. Ile aliyochezea dansi babu yako mwaka 1974 ni vinteji. Nayo dedistoki ni nguo ya zamani ambayo haikuvaliwa kabisa, ililala stoo tu, mara nyingi ikiwa bado na karatasi ya bei.

Usichanganye maneno hayo na kamera. Robota likifunguliwa, kamera ni chaguo la kwanza, yaani nguo safi zisizo na doa wala tundu. Hilo ni daraja la ubora, halisemi lolote kuhusu umri. Tena vinteji nzuri huweza kukutwa kwenye fagia, yaani mabaki ya mwisho ya robota, kwa sababu wanaochagua mwanzo wanatafuta upya.

Basi umri utaujuaje? Mimi huanza na jina la nchi. Lebo inayosema Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya nchi hiyo kuungana, Oktoba 1990. Inayosema Hong Kong ya Uingereza ni ya kabla ya 1997. Nembo ya sufu ya Woolmark ilianza 1964, kwa hiyo koti lenye nembo hiyo haliwezi kuwa la miaka ya hamsini hata muuzaji akiapa. Kwenye magauni ya Marekani natafuta lebo ya ILGWU, chama cha washonaji wa nguo za wanawake. Chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995, na jina lake likaishia hapo. Tena tangu 1972 nguo zinazouzwa Marekani zimetakiwa kuwa na maelezo ya kufua yaliyoshonewa ndani. Ukiyakosa, na hakuna alama ya lebo kukatwa, endelea kuchunguza; huenda umeshika kitu cha zamani zaidi.

Jinzi ndizo zenye utata. Wauzaji husifu E kubwa: hadi 1971, kitambaa chekundu kwenye mfuko wa nyuma wa Levi's kiliandikwa LEVI'S, herufi zote kubwa, kisha e ikawa ndogo. Lakini kampuni yenyewe imewahi kutoa upya miundo yake ya zamani, E kubwa ikiwemo. Herufi hiyo peke yake haitoshi. Pindua mguu wa suruali uangalie selveji, ukingo wa kitambaa uliofumwa ukajifunga wenyewe usifumuke, mara nyingi mweupe wenye uzi mwekundu. Nao hautoshi peke yake, maana viwanda vya Japani vinaufuma hadi leo. Nataka dalili mbili au tatu zikubaliane ndipo niseme nguo ni ya muongo gani.

Kwa fulana, tazama pindo la mkono. Mstari mmoja wa mshono ulikuwa kawaida kwa fulana nyingi za Marekani hadi katikati ya miaka ya tisini, kisha mistari miwili ikatawala.

Nguo iliyokatwa lebo siikatai. Kwenye gauni naenda moja kwa moja kwenye zipu: zipu za nailoni zilienea miaka ya sitini, kwa hiyo ya chuma, hasa iliyoshonewa ubavuni, hunirudisha nyuma ya hapo. Kwanza, lakini, nakagua uzi ulioishikilia, kwa sababu zipu hubadilishwa.